USHAURI: Figo mpya inafanya kazi vizuri, lakini presha ya mume wangu imekataa kushuka

MamaBrian_Nyamasaria

Habari zenu wadau. Naomba ushauri, na tafadhali aliyepitia haya ndiye aongee. Wasiopitia nimewasikia vya kutosha hapa mtaani.

Mume wangu alipandikizwa figo mwaka jana kule Eldoret. Aliyempa ni dada yake wa tumbo moja. Kabla ya hapo alikuwa wa mashine ya kusafisha damu (dialisisi) mara mbili kwa wiki, na wanaojua hayo maisha wanajua. Operesheni ilienda vizuri, mkojo ukatoka siku hiyo hiyo, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inachuja vipi, ikipanda ni mbaya) ikashuka mpaka 115 ikatulia. Alirudi shuleni kufundisha.

Shida ni presha. Sisi tulidhani figo ikishakuwa nzuri, presha itaondoka yenyewe, kwa sababu tuliambiwa figo ndizo zilizoleta presha. (Mwingine alituambia presha ndiyo iliyoua figo. Hapo kila mtu ana lake.) Miezi ya kwanza ilikuwa inacheza 135, 140. Sasa hivi ni 160 juu ya 98, na kuna siku inafika 172. Anameza amlodipini 10 na atenololi. Kwa vile tarehe ya kliniki ya Eldoret ilikuwa bado, tulienda kliniki moja hapa mjini, wakamwongezea losatani 50. Presha ilishuka kidogo, lakini wiki mbili baadaye kreatinini ikasoma 168. Aliyetuhudumia akasema ni kawaida ya hiyo dawa, tuendelee.

Dawa za kulinda figo isikataliwe na mwili anazomeza ni takrolimusi, mikofenoleti na prednisoloni 5.

Yeye mwenyewe anasema hajisikii vibaya, mashine ya kupimia presha ndiyo inayodanganya. Mama mkwe ametoka Vihiga na chupa ya dawa ya miti, anasema mwili wa mwanaume umekataa figo ya mwanamke. Wifi yangu aliyetoa figo akisikia hivyo anaanza kulia.

Sasa, presha hii ni dalili kwamba figo inakataliwa? Nimuongezee tembe ya amlodipini ziwe mbili? Na hiyo chupa niifanyeje?

OmeraKondele

Figo ya mwanamke imkatae mwanaume? Hiyo ni ndoa, si figo.

Pole lakini mama, natania tu. Wenye ujuzi wanakuja.

FigoYaNdugu_Kakamega

Mulembe Mama Brian. Mimi nimepandikizwa, kwa hivyo ruhusa ya kuongea ninayo.

Kwanza tulia. Presha baada ya kupandikizwa ni jambo la kawaida sana. Kwenye benchi la kliniki yetu, asiye na tembe ya presha ndiye tunayemshangaa. Mimi nilipouliza kwa nini, daktari alinieleza sababu ambazo hakuna mtu alikuwa ameniambia kabla ya operesheni.

Moja ni kwamba figo za zamani kwa kawaida haziondolewi. Ziko pale pale mgongoni. Figo mpya hupachikwa chini ya tumbo upande mmoja na kuungwa kwenye mshipa mkubwa unaokwenda mguuni. Zile za zamani hazichuji tena, lakini bado zinaweza kumwaga kemikali ya kupandisha presha, inaitwa renini. Ya pili ni dawa zenyewe. Takrolimusi hubana mishipa na kuifanya figo ing'ang'anie chumvi. Prednisoloni nayo hushika chumvi na maji, halafu inakupa njaa mpaka unanenepa, na unene unaongeza presha. Yaani dawa zinazoilinda figo ndizo hizo hizo zinazosukuma presha juu. Usije ukampunguzia hata moja kwa sababu hiyo! Namjua mtu aliyefanya hivyo na leo yuko kwa mashine tena.

Amlodipini 10 ndiyo mwisho wa dozi yake. Ukimpa mbili utamvimbisha miguu tu.

Chupa ya mama mkwe usiitupe mbele yake. Mwambie daktari ameagiza kila kinachoingia tumboni kiandikwe kwenye kitabu na kiidhinishwe kwanza. Wazee wetu wanaheshimu amri ya daktari kuliko neno la mkaza mwana.

MzeeWaNjoro

Mimi niko huku Nakuru, sina shida ya figo lakini presha ninayo tangu zamani. Nilitafuna kitunguu saumu kila asubuhi na kunywa maji ya majani ya mpera, presha ikashuka bila dawa za hospitali. Hizi dawa wanazowapa ni biashara. Mama, jaribu, haina madhara.

SistaWaZamu

Mzee wangu, kwa heshima zote, wewe una figo mbili zako na humezi takrolimusi. Huyu bwana hayuko kwenye mizani moja na wewe.

Mama Brian, mimi ni muuguzi, nafanya kazi kwenye yuniti ya dialisisi hapa Kisumu. Si daktari wa figo, kwa hivyo nitakayosema yachukue kama maswali ya kwenda nayo kwa daktari wake.

Kabla hujaongeza chochote hakikisha hizo namba ni za kweli. Aketi dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Awe ameshakojoa, na asiwe ametoka tu kunywa chai au kahawa. Kama ana fistula (mshipa wa mkononi uliotengenezwa kwa ajili ya dialisisi), pimieni mkono ule mwingine. Mashine iwe ya kufunga juu ya kiwiko, kwa sababu zile za kifundo cha mkono zinayumba. Mpime mara mbili asubuhi kabla hajameza dawa, mara mbili jioni, wiki nzima, na kila namba iandikwe hata ile isiyopendeza. Kisha mashine yenu muibebe kliniki ilinganishwe na ya kwao, ndiyo dawa ya mtu anayesema mashine inadanganya.

Lengo kwa mtu aliyepandikizwa, kwa mwongozo wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, wa 2021 ambao madaktari wengi wa figo wanaufuata, ni chini ya 130 juu ya 80. Kwa hivyo 160 si ya kuzoea. Na kutojisikia vibaya si kipimo. Presha haiumi, inaharibu kimya kimya, na figo hiyo ni moja.

Sasa nije kwenye kilichonishtua, na si presha. Ni kreatinini kutoka 115 hadi 168 baada ya losatani. Ni kweli losatani huipandisha kidogo, na madaktari huvumilia kama haijazidi asilimia 30. Hii ya kwenu imezidi 45. Kwa mtu mwenye figo moja ya kupandikizwa, presha ikiwa ngumu namna hiyo halafu kreatinini iruke baada ya dawa ya jamii ya losatani au enalaprili, swali la kwanza ni hili: je, mshipa unaopeleka damu kwenye figo mpya umekuwa mwembamba?

Nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu wengi hupita hapa bila kuelewa. Pale mshipa ulipounganishwa panaweza kusinyaa, mara nyingi kati ya mwezi wa tatu na mwaka wa pili baada ya operesheni. Damu ikifika kidogo, figo inafikiri mwili mzima umepungukiwa presha. Inamwaga renini, inazuia chumvi na maji yasitoke, presha ya mwili inapanda. Wakati huo huo, ili iendelee kuchuja, figo inabana mshipa mdogo wa kutokea ili msukumo ubaki ndani. Losatani inaulegeza ule mshipa wa kutokea. Msukumo unapotea, uchujaji unashuka, na kreatinini inapanda. Losatani kwa wagonjwa wengine wa figo ni dawa nzuri sana, naomba asije mtu akaiacha kwa kusoma hapa. Lakini ikifanya hivi, imekuonyesha kitu.

Kipimo cha kuanzia ni picha ya ultrasaundi ya Dopla, inayopima kasi ya damu kwenye mshipa wa figo. Haina sindano wala mionzi. Mara nyingine daktari akiweka stethoskopu chini ya tumbo juu ya figo anasikia mvumo. Ikithibitika, kuna njia ya kupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa, kuupanua kwa puto na kuacha kijibomba cha kuushikilia usisinyae tena.

Kuhusu kukataliwa: presha peke yake haitoshi kusema hivyo. Kukataliwa kunaweza kupandisha presha na kreatinini pia, na mara nyingi hakuna maumivu yoyote, kwa hivyo daktari lazima alifikirie hilo vilevile. Atapima kiwango cha takrolimusi kwenye damu, protini kwenye mkojo, na akishuku atachukua kipande kidogo cha figo kwa sindano. Jinsia ya wifi yako haihusiki. Kilichoangaliwa ni kundi la damu na ulinganifu wa tishu, na hayo yalishapimwa kabla ya operesheni.

Piga simu Eldoret kesho asubuhi, usingoje tarehe. Waambie namba zote mbili, ya presha na ya kreatinini. Na waulize kuhusu potasiamu (madini yaliyo kwenye damu), kwa sababu losatani na takrolimusi zote zinaipandisha. Ikifika 180 juu ya 120, au akiumwa kichwa sana, macho yakaona ukungu, kifua kikabana au pumzi zikakata, hiyo si ya simu, ni ya kwenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo.

MamaBrian_Nyamasaria

Sista, Mungu akubariki. Hakuna mtu alikuwa ametuambia habari ya mshipa. Nimepiga simu, wamesema aache losatani kwa sasa, arudie damu hapa hapa Kisumu kisha twende wiki hii.

FamasiaYaSoko

Nimechelewa kuona uzi. Mimi nauza dawa, na kuna swali hamjauliza: anameza nini kingine? Walimu wengi wananijia na goti na mgongo. Diklofenaki, Brufen na ndugu zao hupandisha presha, hushika maji, na zikikutana na takrolimusi pamoja na losatani zinaikaba figo. Muulize bila ukali, maana wanaume huficha. Ya maumivu ni Panadol kwa kipimo chake. Dawa za mafua za kuzibua pua nazo hupandisha presha.

Pia kuna dawa zinazochezea kiwango cha takrolimusi. Erithromaisini, klarithromaisini na flukonazoli zinaipandisha, na ikipanda presha inapanda nayo na figo inaumia. Rifampisini ya TB inaishusha mpaka figo inabaki bila ulinzi. Hata kwenye dawa za presha zenyewe, diltiazemu na verapamili zinaipandisha takrolimusi, kwa hivyo asije mtu wa duka akakubadilishia amlodipini kwa hizo akidhani ni kitu kimoja. Balungi, lile tunda chungu la jamii ya machungwa, lina tabia hiyo hiyo.

Na sisi tunaoishi karibu na ziwa, malaria. Akipata homa asinunue dawa dukani kwangu wala kwa mwenzangu kwa kukisia. Homa kwa mtu aliyepandikizwa ni ya kupimwa hospitali siku hiyo.

Mzee wa Njoro, kitunguu saumu kwenye mchuzi hakuna ubaya. Shida ni chupa ambayo hakuna anayejua ndani mna nini wala kwa kipimo gani.

MzeeWaNjoro

Sawa, nimeelewa. Sikujua habari ya hizo dawa za kupandikizwa. Mama, mpeleke.

AkinyiWaOmena

Mimi naomba tuguse jikoni maana hapo ndipo presha inapoliwa. Baba yangu alikuwa na figo, na mtaalamu wa lishe alituambia chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, gramu 5, pamoja na ile iliyo kwenye mkate na vinginevyo. Sisi tulikuwa hatuweki chumvi mezani tukajiona tumemaliza. Kumbe Royco, krispi, soseji, samaki wa kukaushwa kwa chumvi na magadi kwenye mboga vyote ni sodiamu.

Omena loweka kwa maji ya moto, mwaga, osha tena, ndipo upike. Nyanya, kitunguu, dania na ndimu zinatosha, ulimi unazoea baada ya wiki chache. Mrenda bila magadi unachelewa kulainika lakini unalainika.

FigoYaNdugu_Kakamega

Akinyi umenikumbusha. Mama Brian, kama mama mkwe ndiye anayepika siku hizi, angalia munyu. Huku kwetu mrenda na kunde hupikwa kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu ya magunzi au maganda ya maharagwe. Watu husema ule ni wa asili kwa hivyo hauna shida. Maji ya majivu yana potasiamu nyingi, na Sista ameshasema takrolimusi inaipandisha. Ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Vile vile ile chumvi ya dukani inayouzwa kama ya watu wa presha, soma pakiti. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

MamaBrian_Nyamasaria

Jamani, mama mkwe ndiye anapika tangu aje! Na mrenda ni kila jioni.

Kuhusu goti, nilimuuliza. Anasema alikunywa diklofenaki wakati wa michezo ya shule tu. Nimeamua kuamini, lakini nimekagua mkoba pia.

Naomba kuuliza kwa niaba ya wifi. Yeye ana figo moja sasa. Naye atapata presha?

MtoajiWaNakuru

Hiyo nijibu mimi, nilimpa kaka yangu. Mwambie wifi asilie, hajamdhuru mtu. Figo inayobaki hukua na kubeba kazi ya mwenzake, na watoaji wengi wanaishi sawasawa. Lakini asijisahau. Presha inaweza kumjia, na akiwa na figo moja haifai ikae bila kujulikana. Mimi kila mwaka napima presha, kreatinini na protini kwenye mkojo, nikiwa mzima kabisa. Dawa za maumivu kama diklofenaki nimeziacha. Akitaka kubeba mimba amwambie daktari mapema kwamba alitoa figo, kwa sababu presha ya ujauzito huwajia watoaji zaidi kidogo.

Na neno moja kwenu familia. Baada ya operesheni kila mtu humzunguka aliyepokea, aliyetoa anarudi nyumbani na kovu lake. Kumpeleka kupimwa naye ni heshima.

OmeraKondele

Hili la mwisho limenigusa. Mimi niliyetania, nauliza sasa kwa uzito: mashine ya presha nimemnunulia mama yangu, lakini mkono wake ni mnene na kitambaa kinafunga kwa shida. Inasoma 170 kila siku, akienda hospitali ni 140.

SistaWaZamu

Omera, kitambaa ni kidogo. Kwa mkono mnene kikibana hivyo namba inapanda. Maduka ya vifaa vya hospitali yana kikubwa cha kununua peke yake, pima mzunguko wa mkono juu ya kiwiko kwa futi ya fundi nguo uende nao. Mpaka hapo usimwongezee dawa kwa hiyo 170.

MamaBrian_Nyamasaria

Nimerudi na habari, maana kuna watu wamenitumia ujumbe wakiuliza.

Bila losatani kreatinini imeshuka mpaka 127. Presha kwa kipimo cha Sista, cha kuketi kimya, wastani wa wiki ni 158 juu ya 94, kwa hivyo mashine haikuwa inadanganya sana, na mume wangu amekubali kwa shingo upande. Potasiamu ilikuwa juu kidogo, munyu umesimama. Mama mkwe aliposikia ni amri ya daktari hakubisha, chupa ameirudisha kwenye mkoba wake mwenyewe.

Eldoret daktari aliweka stethoskopu chini ya tumbo akasikiliza muda mrefu, akamwita mwenzake naye asikilize. Wakafanya Dopla. Kasi ya damu iko juu pale mshipa ulipoungwa. Wanataka picha nyingine ya kuonyesha mshipa wenyewe kabla ya kuamua kama ni puto. Kiwango cha takrolimusi wamesema kipimwe upya siku hiyo hiyo ya picha, kwa sababu safari hii alikuwa ameshameza dawa asubuhi.

Wamemwongezea dawa ya kukojoa kwa dozi ndogo na kubadilisha atenololi ikawa kavediloli. Kuna aliyefanyiwa hilo puto? Alilala siku ngapi?

FigoYaNdugu_Kakamega

Mimi sikufanyiwa. Jirani yangu wa benchi, mtu wa Bungoma, alifanyiwa. Hawakumpasua tena, walipitia kwenye paja, na dawa zake za presha zilipunguzwa baadaye ingawa hazikuisha zote. Alipewa dawa ya kuzuia damu isigande. Siku za kulala waulizeni wao, maana hutegemea hali ya mtu. Uliza pia SHA (bima ya afya ya serikali) inalipia sehemu gani, kabla ya siku yenyewe na si mlangoni.

SistaWaZamu

Nimefurahi kusikia 127. Mkienda, bebeni karatasi za kreatinini zote tangu operesheni, si ya mwisho peke yake, pamoja na daftari la presha. Ile takrolimusi ya asubuhi asiimeze mpaka damu itolewe, yawe yamepita masaa 12 hivi tangu dozi ya usiku. Aibebe mfukoni, na sindano ikitoka tu aimeze hapo hapo, asingoje kurudi Kisumu. Dawa za presha ameze kama kawaida, isipokuwa wao wamwambie vingine.